Jinsi filamu ilivyotoka ukumbini ikaingia begi la mchuuzi

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayefika Nairobi kwa mara ya kwanza hulisikia jina la Odeon kabla hajajua limetoka wapi. Makondakta wa matatu hulitaja kama kituo cha kupandia gari. Si mbali na hapo kuna mzunguko wa Globe, nao ni alama ya abiria wa kila siku. Majina yote mawili yalikuwa ya majumba ya sinema. Watu wanaelekezana kwa majina hayo mpaka leo, ingawa foleni za tiketi zilizoyapa umaarufu hazipo tena.

Kampala nako, aliyezoea kwenda Norman Cinema enzi zake akirudi leo atakuta waumini. Jengo hilo ni la Watoto Church, kanisa lililoanza mwaka 1984 kwa jina la Kampala Pentecostal Church. Ngara, Nairobi, iliyokuwa Shan Cinema sasa ni Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na wanamuziki. Dar es Salaam, palipokuwa na Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari iliyofunguliwa mwaka 1966, pamejengwa Ubalozi wa Marekani. Kwingineko utakuta maduka, maghala, au milango iliyofungwa kwa kufuli.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwa neno moja: simu. Jibu hilo ni fupi mno. Majumba mengi ya sinema katika ukanda wetu yalikuwa yamekwisha kufa kabla simu ya mkononi haijafika sokoni. Wala watu hawajaacha filamu. Ingia basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ingia saluni ya Nyamirambo, ingia kibanda chochote cha chai mpakani Busia: filamu inaendelea.

Kilichobadilika ni njia ya bidhaa. Mwenye ukumbi alikuwa na kitu adimu ambacho hakuna mwingine mjini aliyekuwa nacho. Kitu hicho kikapungua uzito na bei, kikaingia kwenye mabegi ya watu waliokuwa wakivuka mipaka kwa biashara nyingine. Kwa sababu hiyo habari ya majumba ya sinema inawahusu wasomaji wa gazeti hili kuliko wanavyodhani. Wao, au wazazi wao, walikuwa sehemu yake.

MKANDA MMOJA, MIJI MINGI

Zanzibar ni mahali pazuri pa kuanzia. Jumba la Royal lilifunguliwa huko mwaka 1921. Baadaye liliungua, likajengwa upya, na mwaka 1955 likafunguliwa kwa jina la Majestic. Kufikia miaka hiyo, karibu kila mji wa biashara wa Pwani na Bara ulikuwa na sinema yake. Mombasa ilikuwa na Naaz na Regal. Tanga ilikuwa na Majestic yake, Regal na Novelty. Moshi walikuwa na Plaza, Arusha Metropole, Mwanza Tivoli na Liberty.

Wengi wa wenye majumba hayo walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na picha nyingi zilitoka Bombay. Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 zilijaza viti kwa watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi hata kidogo. Siku za sikukuu na Jumapili familia zilikwenda pamoja. Katika miji ya Pwani yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa wengi hiyo ilikuwa nafasi ya nadra ya kutoka nyumbani na kukutana na wenzao.

Tuutazame mzigo wenyewe kwa jicho la mfanyabiashara. Filamu ya saa mbili kwenye mkanda wa milimita 35 ina urefu unaozidi kilomita tatu. Husokotwa kwenye magurudumu kadhaa, hutiwa kwenye makopo ya bati, na uzito wake hupita kilo 20. Nakala moja iligharimu fedha nyingi, hivyo zililetwa chache. Nakala hiyo hiyo ilizungushwa mji hadi mji, na kila mji ulingoja zamu yake. Zanzibar kulikuwa na utaratibu wa kumbi mbili kuonyesha mkanda mmoja jioni moja: gurudumu likimalizika ukumbi wa kwanza, kijana analipakia kwenye baiskeli na kukimbia nalo ukumbi wa pili kabla watazamaji hawajaanza kupiga miluzi.

Katika biashara ya namna hiyo, mwenye mkanda ndiye mwenye soko. Mteja hakuwa na pa kwenda pengine. Kuikosa wiki hiyo kulimaanisha kungoja mpaka filamu irudi, na pengine haikurudi. Ndiyo maana watu walipanga foleni, na ndiyo maana walikuwapo walanguzi wa tiketi mlangoni.

Mambo ya siasa na uchumi yaliyumbisha biashara hiyo kwanza. Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu, TFC, mwaka 1968, na uagizaji wa filamu ukahamia mikononi mwa Serikali. Mwaka 1971 ilikuja sheria ya kutaifisha majengo. Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na wenye kumbi pamoja na mawakala wa filamu walikuwa miongoni mwa walioondoka. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya zilichelewa, vipuri vya projekta vikakosekana, na viti vilivyochanika havikushonwa. Ukumbi ulianza kuuza bidhaa kuukuu kwa mteja yule yule.

DEKI YAVUKA BAHARI

Mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza mashine ya video ya VHS. Katika miaka ya 1980 mashine hizo, ambazo kwetu ziliitwa deki, zilianza kuingia Afrika Mashariki kutoka Dubai na Muscat. Zilikuja na mabaharia, na watu waliokwenda kutembelea jamaa zao Oman, na wafanyabiashara waliokuwa wakifuata vitenge na redio.

Linganisha mizigo. Makopo ya filamu yalihitaji gari, wakala, mkataba na ukumbi wenye projekta. Kanda ya VHS haikufika hata nusu kilo. Iliingia kati ya nguo kwenye sanduku. Nayo ilinakiliwa: anayeleta kanda moja leo alikuwa na kumi wiki ijayo.

Televisheni mara nyingi hulaumiwa kwa kifo cha sinema, lakini tarehe za Tanzania zinatia shaka lawama hiyo. Televisheni Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, ikiwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kumbi za Bara zilipata takriban miaka ishirini zaidi bila mshindani huyo. Hata hivyo hazikupona. Aliyewanyang'anya wateja alikuwa deki, na deki haikungoja leseni ya Serikali wala mnara.

Hapo ndipo vilipozaliwa vibanda. Mtu mwenye deki moja, televisheni moja na jenereta aliweka mabenchi chini ya bati na kutoza kiingilio cha kumudiwa na mbeba mizigo. Watanzania wakaviita vibanda umiza, kwa jinsi mabenchi yake yanavyoumiza mgongo. Waganda wanaviita bibanda. Vilifuata wateja walipo: sokoni, stendi, mwaloni, kwenye machimbo, mpakani. Ukumbi wa zamani ulimngoja mteja aoge, avae, apande basi aende mjini. Kibanda kilimkuta akiwa na mavumbi ya kazi.

LUGHA YA KIBANDANI

Bei na ukaribu havielezi kila kitu. Kibanda kiliuza kingine ambacho ukumbi haukuwahi kufikiria kukiuza: maelezo.

Kwa miaka mingi sinema kubwa zilionyesha filamu kwa Kiingereza au Kihindi, na mtazamaji akajitegemea. Alifuata picha, akakisia maneno. Kibandani alikaa mtu mwenye kipaza sauti aliyefasiri papo hapo, akataja wahusika kwa majina ya mtaani, akaongeza utani na mafumbo. Tanzania jina la Lufufu lilitosha kuuza kanda. Kenya kuna DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana hata kwa watu wasiokumbuka jina la filamu. Uganda wafasiri hao huitwa ma-VJ, na kazi yao kwa Kiluganda imekuwa biashara kamili, wakiwamo VJ Jingo na VJ Junior. Rwanda filamu zilizofasiriwa kwa Kinyarwanda zina jina lake, agasobanuye, na zina maduka yake.

Kila mfanyabiashara wa mpakani anaifahamu kanuni hiyo. Mteja hununua kwa anayemwelewa. Muuzaji anayesema lugha ya mteja hupata nafasi hata kama bidhaa ya jirani yake ni bora zaidi. Picha ya kibandani ilikuwa na chenga, sauti ilikwaruza, lakini mtu alitoka ameelewa kisa chote na amecheka. Ukumbi wenye viti vya mito na sauti safi ulimwacha nusu gizani.

Kisha ikaja mipira. Vituo vya kulipia vilipoanza kurusha Ligi Kuu ya Uingereza, vibanda vilipata bidhaa ya pili, na Jumamosi ya mechi kubwa ikawa na thamani kuliko filamu yoyote. Kijana aliyekuwa mteja wa sinema ya Jumamosi mchana alipata sababu ya kila wiki ya kwenda kwingine.

HESABU YA TIKETI TANO

Sinema hazikwisha kabisa. Zilihama. Leo ukitaka ukumbi wa kisasa utaupata ndani ya maduka makubwa: Mlimani City Dar es Salaam, Acacia Mall Kampala, Kigali City Tower, Garden City Nairobi. Ni kumbi nzuri, zenye picha safi, viyoyozi na usalama. Lakini zimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye gari.

Piga hesabu ya familia ya watu watano inayoishi pembezoni mwa mji. Kuna tiketi tano. Kuna nauli ya watu watano, kwenda na kurudi. Kuna bisi na soda, ambazo ukumbi huziuza kwa bei yake kwa kuwa huruhusiwi kuingia na zako. Filamu ya jioni ikiisha saa nne usiku, daladala au matatu zimepungua na nauli ya bodaboda imepanda. Na baba au mama wa familia hiyo, kama ni mtu wa soko, anatakiwa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo.

Upande wa pili wa hesabu, bei ya tiketi moja au mbili za ukumbi wa namna hiyo hulipia kifurushi cha chini cha king'amuzi kwa mwezi mzima, na nyumba nzima ikatazama. Ving'amuzi vimesambaa sana tangu nchi zetu zilipozima mitambo ya analojia: Dar es Salaam ilianza mwisho wa mwaka 2012, Rwanda ikafuata 2014, Kenya 2015. Azam TV iliingia sokoni mwishoni mwa 2013 ikiwa na vipindi na tamthilia za Kiswahili. Kwenye maduka ya muvi ya Nairobi, filamu moja huwekwa kwenye flashi kwa shilingi 50 za Kenya au chini ya hapo. Mwenye ukumbi anashindana na bei hizo huku akilipa kodi ya pango, umeme wa viyoyozi, mishahara na ushuru.

Upo pia usiku wenyewe. Sinema za zamani zilikuwa katikati ya mji, karibu na soko na stendi, mahali pa kufikika kwa miguu. Miaka ya 1990 ilipoingia, katikati ya jiji la Nairobi usiku palikuwa pa kutisha, na mtu mwenye busara alifunga duka mapema akaenda kwake. Jumba la sinema linategemea watu wasioogopa kurudi nyumbani gizani. Hofu ilipoingia, maonyesho ya usiku yalikuwa ya kwanza kupungukiwa.

MLANGO WA SIKU 90

Haya si ya kwetu peke yetu. Marekani na Kanada, ambako biashara ya sinema ni kubwa, ziliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.5 mwaka 2002. Mwaka 2019, kabla ya Uviko-19 kufunga kumbi, tiketi zilikuwa zimeshuka hadi kiasi cha bilioni 1.2, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka. Mapato yalionekana makubwa, zaidi ya dola bilioni 11, kwa sababu bei ya tiketi ilipanda. Mwaka 2023 mapato yalikuwa karibu dola bilioni 9. Mfanyabiashara yeyote anajua hatari ya kuongeza bei huku wateja wakipungua: daftari linapendeza kwa muda, duka linazidi kuwa tupu.

Mambo mawili ya huko yalitufikia moja kwa moja. La kwanza ni mitambo. Kampuni za filamu ziliacha mkanda zikahamia dijitali. Paramount ilikuwa kampuni kubwa ya kwanza kuacha kusambaza mikanda Marekani, mwanzoni mwa 2014. Ukumbi wa zamani uliokuwa bado na projekta ya mkanda ulikuwa na njia mbili: kununua mtambo mpya wa gharama kubwa, au kukosa bidhaa mpya. Kwa ukumbi ambao tayari ulikuwa nusu tupu, hilo halikuwa chaguo.

La pili ni muda. Kwa miaka mingi filamu kubwa ilikaa kumbini peke yake takriban siku 90 kabla ya kuuzwa kwa njia nyingine. Siku hizo ndizo zilizokuwa mtaji wa ukumbi. Netflix ilifungua huduma zake katika nchi zetu Januari 2016. Kisha Machi 2020 Uviko-19 ukafunga milango, na kampuni zikalazimika kuuza filamu moja kwa moja majumbani. Mwaka huo huo Universal ilikubaliana na AMC, yenye kumbi nyingi Marekani, kwamba filamu iweze kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu. Leo siku 45 ni jambo la kawaida. Mteja amejifunza kungoja. Na huku kwetu hangoji hata hizo, kwa kuwa nakala ya wizi hufika mapema kuliko filamu yenyewe.

PALE WATU WANAPOJAA BADO

Hata hivyo zipo nyakati ambapo viti havikutosha, na inafaa kuzichunguza.

Mwaka 2012 filamu ya Nairobi Half Life, ya Kiswahili na Sheng, iliwavuta Wakenya wengi kumbini kumtazama kijana wa mashambani akisaka maisha jijini. Februari 2018 Black Panther, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza, ilizinduliwa Kisumu kwa shangwe za watu waliohisi kwamba binti yao amerudi nyumbani. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa siku saba marufuku ya filamu ya Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili na ambayo bodi ya uainishaji ilikuwa imeizuia. Kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya filamu hiyo, lakini kwa siku hizo saba tiketi ziliisha. Zanzibar, tangu mwaka 1998 tamasha la ZIFF limekuwa likiwakusanya watu Ngome Kongwe, kwenye uwanja wa wazi, kutazama filamu usiku.

Katika kila mfano huo mtu alipata kitu ambacho flashi haikuweza kumpa wakati ule. Siku saba za Rafiki zilikuwa kama enzi za mkanda mmoja: ikikupita, imekupita. Kisumu na Ngome Kongwe watu walifuata mkusanyiko, kuwa pale pamoja na wengine. Nairobi Half Life iliwapa lugha yao wenyewe na mitaa yao wenyewe kwenye pazia kubwa.

NANI ANAPOTEZA

Pengine msomaji atauliza: kama watu wanapata filamu kwa bei nafuu, hasara iko wapi?

Iko kwa anayetengeneza, na mtengenezaji huyo siku hizi ni jirani yetu. Mlango wa ukumbi ni kaunta. Kila kichwa kinachoingia kinahesabiwa, na sehemu ya fedha hurudi kwa mwenye filamu. Flashi haina mlango. Filamu iliyonakiliwa mara elfu haimrudishii aliyeitengeneza hata senti.

Tuliona hilo kwa Bongo Movie. Filamu za Dar es Salaam hazikupita kumbini. Zilitoka moja kwa moja kwenye VCD na DVD kupitia wasambazaji wa Kariakoo. Kwa miaka kadhaa mpango huo ulilipa. Wafanyabiashara walizibeba hadi Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi, na sura ya Steven Kanumba ilijulikana katika miji ambako hakuna mtu aliyewahi kumlipia tiketi. Alipofariki Aprili 2012 alikuwa nyota wa ukanda mzima. Lakini njia ile ile iliyozifikisha filamu hizo mbali ndiyo iliyoziua. Aliyenunua diski moja halali mpakani aliweza kutengeneza mia. Serikali ya Tanzania ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki. Nakala zisizo na stempu ziliendelea kuuzwa. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zilizojaa sokoni bila kulipiwa kodi. Soko la diski lilipoporomoka, hapakuwa na ukumbi wa kukimbilia.

Hapa mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuwa makini kwa faida yake mwenyewe. Wengi wanaujua utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaomruhusu mtu mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 kutumia cheti chepesi cha uasili. Cheti hicho huangalia bidhaa ilitengenezwa wapi. Hakimpi mtu haki ya kunakili kazi ya mwingine. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya mwaka 1999, ya Kenya ya 2001 na ya Uganda ya 2006, zote zinahesabu uuzaji wa nakala bila idhini kuwa kosa. Mzigo wa diski au flashi zilizojazwa filamu unaweza kutaifishwa upande wowote wa mpaka, na hakuna hoja ya "nilinunua tu" itakayourudisha. Anayeuza kazi hizo apate maandishi ya idhini kutoka kwa mwenye filamu au msambazaji wake, kama anavyodai risiti ya mchele au saruji.

KITI CHA BEI YA KATI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya filamu msemo huo umepinduka: hata kizuri sasa kinajitembeza, kwa sababu mteja amezoea kuletewa. Ukumbi wa viti mia nane katikati ya mji, unaongoja watu waje kwa sababu hawana pengine, haurudi. Sababu iliyoujenga imeondoka.

Lakini kati ya ukumbi wa duka kubwa na benchi la kibanda umiza kuna nafasi tupu. Fikiria Namanga, Malaba, Rusumo, Mutukula. Kila usiku kuna madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao, wafanyabiashara waliokosa basi, vijana wa mji wasio na pa kwenda zaidi ya baa. Watu hao tayari wanalipa kibandani. Ukumbi wa viti hamsini au themanini, safi, wenye choo na mlango wa dharura, projekta ndogo ya dijitali, kiingilio kinachokaribia cha kibanda, na filamu za Kiswahili au zilizofasiriwa kwa idhini, haungekuwa unauza upekee wa mkanda. Ungeuza vile vilivyothibitika kuwa bado vinanunuliwa: picha kubwa, lugha inayoeleweka na watu wa kucheka nao.

Kikwazo kikubwa hapo ni karatasi kuliko mtaji. Filamu iliyotengenezwa Dar es Salaam na kupitishwa na Bodi ya Filamu ya Tanzania inaanza upya ikifika Kenya mbele ya bodi ya uainishaji ya huko, na Uganda mbele ya Baraza la Vyombo vya Habari. Jumuiya sasa ina nchi wanachama nane. Gunia la maharage limepata njia yake fupi mpakani baada ya miaka mingi ya wafanyabiashara kulalamika, kukaa vikao na kudai. Mwenye filamu halali ya dakika tisini bado anazunguka ofisi za nchi moja baada ya nyingine, na wakati anazunguka, nakala ya wizi imekwisha kuvuka kwenye mfuko wa suruali.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina uzoefu wa kudai mambo ya aina hii. Katika kikao kijacho na maofisa wa forodha, baada ya nyanya, mitumba na samaki, filamu nayo inaweza kuwekwa kwenye ajenda: hati moja ya uainishaji inayotambuliwa pande zote, na ada anayoimudu mwenye kibanda. Mwenye kibanda huyo akiwa na njia halali ya kununua filamu, wa kwanza kufaidika atakuwa mtengenezaji wake, na wa pili atakuwa mchuuzi aliyechoka kuficha mzigo.